Mnunuzi wa gari aulize bei kabla ya malipo ya mwezi

YAPO maswali ambayo mtu huulizwa kwa heshima na tabasamu, naye akayajibu kwa moyo mweupe, kumbe jibu lake ndilo kitanzi. Mojawapo ni hili wanaloulizwa wanunuzi wa magari kila uchao katika yadi za Nairobi, Mombasa, Nakuru na Eldoret: "Kwa mwezi utaweza kutoa shilingi ngapi?"

Jirani yangu mmoja, ambaye nitamwita Mwalimu kwa kuwa ndivyo mtaa mzima unavyomwita, aliulizwa swali hilo miaka kadhaa iliyopita. Alikuwa amestaafu na kupokea kiinua mgongo chake, naye akanuia kununua gari dogo la mizigo ili awe akisafirisha mboga kutoka Limuru hadi soko la Wakulima jijini. Gari alilolipenda lilikuwa limebandikwa bei ya shilingi 1,200,000. Mwalimu alikuwa na shilingi 360,000 za kutanguliza kama arbuni. Zilizosalia, yaani shilingi 840,000, zingelipwa kidogo kidogo.

Alipoulizwa ataweza kutoa ngapi kwa mwezi, Mwalimu alifikiri kidogo, akapiga hesabu ya pensheni yake na mapato aliyoyatarajia sokoni, akajibu kwamba hangeweza kuzidisha shilingi 25,000. Kijana wa yadi akabonyeza kikokotoo chake, akainua uso kwa furaha. "Mzee, leo umeamka na bahati. Nitakufanyia 24,500. Hizo mia tano wanunulie wajukuu maziwa."

Mwalimu akacheka, akatia sahihi. Mkataba ulikuwa wa miezi 60.

Hebu sasa, msomaji wangu, chukua karatasi na kalamu tufanye hesabu ambayo Mwalimu hakuifanya siku ile. Zidisha 24,500 kwa 60 nawe utapata shilingi 1,470,000. Ongeza arbuni ya shilingi 360,000. Jumla ni shilingi 1,830,000. Gari la shilingi milioni moja na laki mbili lilikuwa limegeuka kuwa la milioni moja, laki nane na elfu thelathini, na katika mazungumzo yote ya asubuhi ile hakuna aliyeitaja jumla hiyo kwa mdomo wake. Ilikuwa imejificha nyuma ya shilingi mia tano za maziwa.

Hiyo ndiyo sababu ninashikilia kwamba malipo ya mwezi ndiyo nambari ya mwisho ambayo mnunuzi anapaswa kujadiliana juu yake. Malipo ya mwezi hayasimami peke yake. Ni mtoto wa wazazi wanne: bei ya gari, arbuni, riba, na idadi ya miezi. Mwuzaji akishajua unachoweza kutoa kwa mwezi, anao uhuru wa kuwapanga wazazi hao wanne apendavyo hadi mtoto azaliwe na sura uliyoitaka. Akitaka kupandisha bei, ataongeza miezi. Akitaka kupandisha riba, ataongeza miezi. Wewe utaona 24,500 tu, na utaondoka ukimshukuru.

Katika hao wanne, anayewapotosha wengi ni riba, na hapa sina budi kukaa kidogo.

Mwalimu aliambiwa kwamba riba yake ni asilimia 15 kwa mwaka. Hakudanganywa, ndivyo mkataba ulivyosema. Lakini ilikuwa ile riba inayoitwa ya flati, yaani riba isiyopungua. Deni la shilingi 840,000 lilitozwa asilimia 15 kwa miaka mitano mfululizo, kana kwamba Mwalimu hangelipunguza hata kwa shilingi moja hadi siku ya mwisho. Asilimia 15 ya 840,000 ni 126,000; mara tano ni 630,000. Zikiongezwa juu ya deni na kugawanywa kwa miezi 60, ndipo inapotoka ile 24,500: shilingi 14,000 za kupunguza deni, na shilingi 10,500 za riba, mwezi baada ya mwezi.

Tazama maana yake. Mwezi wa kwanza Mwalimu anadaiwa 840,000, naye analipa riba ya 10,500. Hilo ni haki. Lakini mwezi wa sitini, akiwa amesaliwa na deni la shilingi 14,000 tu, bado anatozwa riba ile ile ya 10,500. Je, kuna mtu mwenye akili timamu ambaye angekopa shilingi 14,000 kwa jirani yake leo ili mwezi ujao amrudishie 24,500?

Riba ya aina ya pili ni ile inayopungua pamoja na deni. Kila mwezi hupigwa hesabu juu ya kile kilichosalia tu. Deni lile lile la 840,000, kwa asilimia ile ile 15, kwa miezi ile ile 60, lingemgharimu Mwalimu takriban shilingi 19,984 kwa mwezi badala ya 24,500. Riba yote ingekuwa kama shilingi 359,000 badala ya 630,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi laki mbili na elfu sabini, na imetokana na neno moja ambalo halikuulizwa. Ukitaka kuzilinganisha aina hizi mbili kwa haki, basi asilimia 15 isiyopungua kwa miaka mitano ni sawa na karibu asilimia 25 inayopungua. Kwa miaka mitatu ni mbaya zaidi: ni karibu asilimia 26. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba yadi yake inatoza 15 ilhali benki inatoza 18, usikimbilie ya 15. Muulize kwanza, ni 15 ya namna gani?

Wapo watakaosema kwamba serikali ndiyo yenye jukumu la kuzuia mambo haya. Tulilijaribu hilo. Mwaka wa 2016 Bunge liliziwekea benki kiwango cha juu cha riba, na Novemba 2019 kiwango hicho kikaondolewa. Hata kilipokuwepo, kilizihusu benki, si kila mwenye yadi aliyekuwa akikopesha kwa fedha zake mwenyewe. Mnunuzi anayesubiri sheria imfanyie hesabu atasubiri sana.

Hata hivyo sheria ipo, na ni vyema ijulikane. Ununuzi wa aina aliyoufanya Mwalimu, ambapo mtu hukabidhiwa gari huku akililipia kwa awamu, kisheria si ununuzi bado. Ni ukodishaji wenye ahadi ya ununuzi. Gari hubaki mali ya mwenye yadi hadi shilingi ya mwisho ilipwe, na yule anayeliendesha, anayelioga Jumapili na kulitia petroli, ni mpangaji tu. Sheria inayosimamia mikataba hiyo, Sura ya 507 ya Sheria za Kenya, ilitungwa mwaka wa 1968. Inamtaka mwenye mali amweleze mteja bei ya taslimu kwa maandishi kabla ya mkataba kufanywa. Tena inasema kwamba mteja akishalipa theluthi mbili ya bei yote ya mkataba, gari haliwezi kunyakuliwa tena kwa nguvu. Mwenye mali hana budi aende mahakamani.

Theluthi mbili ya shilingi 1,830,000 ni shilingi 1,220,000.

Mwalimu alilipa awamu 31 bila kukosa hata moja. Kisha akaugua, akalazwa, biashara ya mboga ikasimama kwa kuwa ndiye aliyekuwa dereva, mpakizi na mhasibu wake. Miezi mitatu ikapita. Alfajiri moja madalali walifika na winchi. Nilitoka nje kwa kelele za mbwa, nikamkuta amesimama langoni na blanketi mabegani, akiwasihi vijana wale kwa upole wamruhusu achukue miwani yake iliyokuwa ndani ya gari. Walimruhusu.

Alikuwa amelipa arbuni ya 360,000 na awamu za 759,500, jumla shilingi 1,119,500. Alibakisha shilingi 100,500 kuifikia theluthi mbili, yaani awamu tano. Rudia hesabu hiyo kwa riba inayopungua, kwa asilimia ile ile 15, na utaona kwamba bei yote ya mkataba ingekuwa takriban shilingi 1,559,000, na theluthi mbili yake ni kama 1,039,000. Kwa fedha zile zile alizokuwa amekwisha kuzitoa, angekuwa ameivuka mipaka hiyo, na madalali wasingethubutu kuja langoni bila amri ya mahakama.

Jambo linaloniuma zaidi, na Mwalimu mwenyewe hulisema bila kuficha, ni kwamba mtu huyu alifundisha hisabati kwa miaka 34. "Nimewafundisha watoto wa watu riba ya kawaida na riba ya nyongeza," aliniambia, "halafu nikakaa mbele ya kijana yule nikasahau kwamba mimi ni mwalimu." Sidhani alisahau. Nadhani hakuna anayekwenda kununua gari kwa akili ya darasani. Anakwenda na harufu ya viti vipya puani.

Nisieleweke vibaya. Simwiti mwenye yadi mwizi. Fedha zina bei yake kama vile sukari ilivyo na bei yake, na anayemkabidhi mtu asiyemjua gari la zaidi ya milioni moja anajitia hatarini. Anayo haki ya kupata faida. Lakini mnunuzi naye anayo haki ya kujua faida hiyo ni kiasi gani, na njia ya pekee ya kuijua ni kuulizia kila kitu kivyake.

Mwaka uliopita bintiye Mwalimu, ambaye ni muuguzi katika hospitali moja ya kaunti, alitaka gari la kumfikisha kazini zamu za usiku. Alituomba mimi na babake tumsindikize. Nilidhani Mwalimu angekataa. Alivaa koti, akachukua penseli.

Gari lilikuwa na bei ya shilingi 1,100,000. Mwuzaji, mtu mchangamfu, alianza pale pale wanapoanza wote. "Dada, tusisumbuane na bei. Wewe niambie tu, kwa mwezi utaweza ngapi?"

"Ndugu yangu," alijibu binti, "nikishaijua bei ndipo nitakapoijua ya mwezi. Gari hili ni pesa ngapi nikilipa zote leo?"

Swali hilo lilirudiwa mara nne, kwa maana mwuzaji alijaribu kulikwepa mara tatu. Alitaja arbuni ndogo. Alitaja bima atakayompa. Alitaja miezi 60. Binti alitabasamu na kulirudia. Hatimaye bei ya taslimu ikawa 1,050,000, na baada ya sisi kutoka nje na kutembelea yadi mbili jirani zilizokuwa na gari la aina hiyo na la mwaka huo, tukarudi na ikawa 1,020,000. Iliandikwa kwenye karatasi na kupigwa mhuri. Mpaka hapo neno mwezi lilikuwa halijatoka kinywani mwa binti.

Ndipo alipouliza juu ya mkopo. Alikuwa na arbuni ya 320,000, alihitaji 700,000. Yadi ikampa asilimia 15 isiyopungua kwa miezi 48, yaani shilingi 23,333 kwa mwezi. Binti aliomba aandikiwe ratiba yote ya malipo, mwezi kwa mwezi, ikionyesha deni na riba. Aliuliza pia kuhusu ada ya kushughulikia mkopo, ada ya kifaa cha kulifuatilia gari, na iwapo bima kamili ya gari ingejumuishwa ndani ya mkopo, kwa sababu bima ikiingizwa humo nayo hutozwa riba kana kwamba ni sehemu ya injini. Akauliza swali ambalo watu husahau kabisa: nikipata fedha na kulimaliza deni mapema, nitasamehewa riba ya miezi iliyosalia, au nitailipa yote? Mwuzaji alikuna kichwa, akasema atamwuliza mkubwa wake. Jibu lilipokuja lilikuwa kwamba angeilipa yote.

Tulimshukuru tukaondoka. Binti ni mwanachama wa chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wenzake, na chama hicho, kama vingi vya namna yake, hutoza asilimia moja kwa mwezi juu ya deni linalopungua. Kwa shilingi 700,000 na miezi 48, hesabu ilikuja kama shilingi 18,434 kwa mwezi. Riba yote ni kama shilingi 185,000. Ile ya yadi ingekuwa 420,000. Naye alirudi yadini na hundi ya taslimu, akalichukua gari kwa ile 1,020,000 iliyopigwa mhuri.

Zingatia jambo moja hapa. Punguzo la shilingi 80,000 alilolipata kwenye bei halikuwa la 80,000 tu. Kama angelikopa fedha hizo, angezilipia riba miaka minne, na zingekuwa zimefika shilingi 101,000 hivi. Kila shilingi unayoiondoa kwenye bei huondoka pamoja na riba yake. Ndiyo maana mjadala wa bei huja mwanzo.

Kakake binti huyu anaishi Texas, Marekani, naye aliposikia habari hizi kwa simu alicheka, akasema kwamba huko nako mchezo ni ule ule ingawa mavazi ni mengine. Watu wengi huko hawanunui gari. Hulikodi kwa miaka mitatu kisha wakalirudisha. Hesabu yake ni ya kufikirika kwa urahisi. Chukua gari la dola 30,000 ambalo baada ya miezi 36 linakadiriwa kuwa litabaki na thamani ya dola 18,000. Mkodishaji atalipa kwanza ule uchakavu wa dola 12,000 ukigawanywa kwa miezi 36, yaani dola 333. Kisha atalipa gharama ya fedha: bei na thamani ya masalio hujumlishwa, zikawa 48,000, halafu zikazidishwa kwa kijinambari kama 0.0025, na kuzaa dola 120. Jumla ni dola 453 kwa mwezi, kabla ya kodi.

Kijinambari hicho kinaonekana kidogo kama chembe ya mchanga, wala hakitishi mtu. Lakini ukikizidisha kwa 2,400 utaona kuwa ni riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Wengi hawajui kwamba hata gari la kukodi lina bei, na kwamba bei hiyo hujadiliwa. Likiteremshwa hadi dola 28,000, malipo ya mwezi hushuka hadi dola 393, bila kumwomba mtu yeyote apunguze malipo ya mwezi. Kisha kuna kikomo cha maili, aghalabu kati ya 10,000 na 15,000 kwa mwaka, na kila maili inayozidi hutozwa fedha siku ya kurudisha gari. Kijana aliniambia kwamba anaishi mbali na kazi, na kwamba alikigundua kikomo hicho baada ya kutia sahihi. Ni mtoto wa Mwalimu kweli.

Kwetu ukodishaji wa namna hiyo umekuwa zaidi wa makampuni na serikali. Tangu mwaka wa 2013 serikali imekuwa ikiwakodia polisi magari badala ya kuyanunua yote. Iwapo wananchi wa kawaida nao watafunguliwa mlango huo kwa wingi, natumai watauliza thamani ya masalio ni ngapi, na ni nani aliyeikadiria.

Binti sasa amelipa awamu saba. Ratiba ya chama imebandikwa ukutani jikoni kwa Mwalimu, si kwa binti, na kila mwisho wa mwezi Mwalimu huukata mstari mmoja kwa penseli. Juzi nilimkuta ameketi nayo, ameongeza safu yake mwenyewe pembeni. Nilimwuliza ni ya nini. Alinijibu kwamba anapiga hesabu ya riba ambayo bintiye angeiepuka iwapo angeongeza shilingi elfu tatu kila mwezi kuanzia Januari. Alikuwa amekwisha kuipata hadi mwezi wa ishirini na mbili, na aliniomba nisimsemeshe kwanza.